Tonge Kando ya Msiba

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Port-au-Prince, Haiti, likaua watu zaidi ya laki moja. Siku tatu baadaye meli kubwa ya watalii ilifunga gati Labadee, pwani ya kaskazini ya nchi hiyo hiyo.

Labadee ni kipande cha pwani kilichokodishwa kwa wenye meli tangu mwaka 1986, kikazungushiwa ua na kuwekewa walinzi. Wakati ule abiria alikuwa akishuka asubuhi, akaogelea, akala nyama ya kuchoma, akanunua kinyago. Na jioni alikuwamo melini tena, mezani. Safari ile baadhi yao walikataa kushuka. Waliona vibaya kula na kucheza ilhali maiti hawajazikwa.

Wenye meli walikuwa na jawabu: meli imeleta mchele, maharagwe na maji, na wenyeji mamia hupata riziki wageni wakishuka. Si jawabu la kupuuzwa. Muuza vinyago hashibi kwa huruma ya mtu aliyejifungia chumbani. Hata kwetu, ndugu msomaji, jirani akifiwa hatuzimi jiko, twapika tukampelekea. Ila ngoma tunaiahirisha.

Basi waliokataa nawasifu kwa moyo wao, lakini nina swali. Umaskini wa Haiti haukuanza siku ile. Mwezi mmoja kabla, ua ulikuwa ule ule na nyama ile ile. Mbona hatukusikia aliyekabwa na tonge?