Maua Matatu Mezani

Sharti lilikuwa mstari mmoja tu: dafodili tatu za aina moja, zenye vikombe vikubwa, ndani ya chombo kimoja. Katika kijiji hiki cha Yorkshire ninakoishi, kaskazini mwa Uingereza, chama cha bustani huandaa maonyesho yake ya majira ya kuchipua baridi inapoanza kulegea, na mstari kama huo huwashughulisha watu wazima tangu Septemba, pale matunguu yanapofukiwa ardhini, hadi asubuhi ile ya Aprili wanapoingia ukumbini wamebeba ndoo za maji kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona, dafodili ni ua la manjano au jeupe, lenye petali sita zilizozunguka sehemu ya kati iliyochomoza mbele. Sehemu hiyo ya kati ndiyo kikombe, na ndiyo inayoleta ubishi wote. Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani, iliyoanzishwa London mwaka 1804, imeyagawa maua haya katika makundi 13. Kikombe kikilingana na petali kwa urefu, au kikizidi, ua ni la kundi la tarumbeta. Kikizidi theluthi moja ya petali lakini kisifikie urefu wake wote, ni kikombe kikubwa. Kikiwa theluthi au pungufu, ni kikombe kidogo. Nimeona watu wenye heshima zao, daktari na fundi bomba, wameinamia meza moja na rula mkononi, wakipima ua ambalo jioni yake litaanza kunyauka.

Mwaka wa kwanza nilipoamua kushiriki, nilimpigia simu mama yangu, aliyeko Muheza, Tanga. Nikamweleza kila kitu: matunguu, baridi, rula. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na anayeshinda, mwanangu, anapewa nini?"

"Kadi, mama. Na peni chache za kununulia chai."

Akanyamaza kidogo. "Basi hao watu wanayapenda maua kweli."

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi. Zawadi ikiwa kubwa, huwezi kujua ni nani amekuja kwa ajili ya kitu chenyewe na ni nani amekuja kwa ajili ya fedha. Zawadi ikiwa kadi, wanaobaki ni wale wanaotaka jambo lifanywe vizuri. Mzee jirani yangu, mchimba makaa ya mawe mstaafu, hufungua miavuli juu ya dafodili zake bustanini mvua ya mawe inapotishia. Hulikata ua wakati tumba limeshainamisha shingo lakini halijafunguka, akazamisha vikonyo ndani ya maji marefu na kuviweka kwenye kibanda chenye baridi na giza, ili ua lifungukie humo, mbali na upepo na konokono. Majira yakichelewa, hulihamishia jikoni penye joto kidogo. Siku ya maonyesho imepangwa mwaka mzima kabla, na ua halijui tarehe. Kazi ya mwenye bustani ni kuyakutanisha hayo mawili.

Asubuhi yenyewe nilimtazama akipanga. Alichukua brashi laini ya rangi, akapangusa chembe moja ya udongo kwenye petali, chembe ambayo mimi sikuwa nimeiona. Akageuza kila ua mpaka petali moja ikaelekea juu wima. Akakunja kipande cha gazeti na kukisokomeza mdomoni mwa chombo ili vikonyo visimame wima. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, akarudi tena akasogeza ua la kati kiasi cha unene wa kucha. Ilikuwa kazi ya dakika nyingi kwa maua matatu, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Kisha kengele ikalia na sote tukatolewa nje. Huu ndio utaratibu ninaouheshimu kuliko yote. Kadi zenye majina zimegeuzwa, maandishi yako chini. Mwamuzi ametoka kijiji kingine. Mlango unafungwa, na hakuna mwenye maua anayeruhusiwa kubaki ndani kumweleza mwamuzi jinsi alivyohangaika, au yeye ni mtoto wa nani, au kwamba mwaka jana alionewa. Maua yanabaki peke yake mezani. Saa nane mchana mlango unafunguliwa, watu wanalipa kiingilio, wananunua chai na keki, na kila mmoja anajifanya hana haraka huku miguu ikimpeleka moja kwa moja kwenye meza yake. Katika maonyesho mengi ya Uingereza kadi nyekundu ni ya mshindi wa kwanza. Sisi tuliokulia kwenye viwanja vya mpira tunahitaji muda kuizoea.

Mwaka mmoja mwenyekiti wa chama chetu alikuwa na dafodili nzuri kuliko zote ukumbini. Hilo halikuwa na ubishi. Hata waliomzidi walisema hivyo. Lakini sharti lilitaka vikonyo vitatu, naye alikuwa ameweka vinne. Mwamuzi hakumwondolea kimoja. Aliandika kwenye kadi kwamba maua hayakufuata masharti, akaendelea na chombo kilichofuata. Masharti hayo aliyaandika mwenyekiti mwenyewe, kwa mkono wake, miezi mingi kabla. Nilisimama karibu naye alipoisoma ile kadi. Akatikisa kichwa kukubali, akavuka ukumbi, akampa mkono mama aliyeshinda na kumuuliza matunguu yake aliyatoa wapi. Hapakuwa na kikao cha dharura wala mtu wa kunong'ona pembeni kwamba mkubwa asiaibishwe.

Naandika haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimekulia mahali ambapo matokeo ya shindano yakitangazwa, swali la kwanza ni mwamuzi ana undugu na nani. Hatuulizi hivyo kwa sababu tuna roho mbaya. Tunauliza kwa sababu tumeona mengi. Lakini hasara yake ni kubwa: mtu akishaamini kwamba kipimo kinauzwa, anaacha kuhangaika na kazi, anaanza kuhangaika na mpimaji. Dafodili za mwenyekiti zilizokosa kadi zilinifundisha zaidi ya zile zilizoshinda.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni starehe za matajiri wenye mashamba na watumishi. Yapo mashamba ya namna hiyo Uingereza, lakini historia ya maonyesho ya maua ina mizizi mirefu miongoni mwa watu wa kipato kidogo. Mjini York kuna chama cha maua kilichoanzishwa mwaka 1768, na bado kipo. Huko Lancashire, wafumaji wa vitambaa waliokuwa wakifanya kazi majumbani mwao walikuza ua dogo liitwalo aurikula, wakalilinda kwenye vyungu karibu na mtambo wa kufumia, wakashindana kwenye vilabu vya pombe, na zawadi ya fahari ilikuwa birika la shaba. Hapa karibu na kwangu, Wakefield, kuna chama cha tulipu cha tangu mwaka 1836. Karne ya kumi na tisa vyama vya namna yake vilikuwa vingi nchini. Hicho ndicho kimebaki. Mpaka leo wanachama wake wanaonyesha tulipu kwenye chupa za bia za kahawia, ua moja moja, kama walivyofanya waliotangulia. Ukiziona zile petali zilizochorwa miali ya rangi nyekundu na zambarau juu ya shingo ya chupa tupu ya bia, utaelewa kwamba uzuri haukungoja mtu awe na chombo cha fedha.

Kuna sharti jingine ninalolipenda, nalo huandikwa mwanzoni kabisa mwa kijitabu: ua lazima liwe limekuzwa na mwonyeshaji mwenyewe. Maduka makubwa ya hapa yamejaa waridi kutoka Kenya, mengi ya Naivasha, yaliyonyooka na kupendeza, na kila niyaonapo moyo hunisogea nyumbani. Lakini waridi hilo halipandi meza ya mashindano hata siku moja. Ukitaka kushindana, sharti uchafuke mikono.

Na ni ukumbini humo nilipokutana na kwetu. Meza ya mwisho ukumbini ni ya mimea ya chunguni inayochanua, na juu yake, katikati ya mimea mingine, kulikuwa na chungu kidogo chenye majani manene yenye manyoya laini, yamejipanga duara bila pengo, na katikati yake shada la maua ya zambarau. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyeanza na jani moja tu alilopewa na mama mkwe wake. Ndivyo mmea huu unavyorithishwa: unakata jani pamoja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye udongo laini, na baada ya miezi michache miche huchomoza shinani. Alinieleza jinsi anavyoumwagilia kwa chini, maana tone la maji baridi likitua juu ya jani huacha alama isiyofutika, na jinsi anavyopangusa vumbi kwa brashi, jani baada ya jani, usiku wa kuamkia maonyesho.

Nikamwambia mmea huo unatoka milima ya Usambara, ninayoiona kutoka uani kwa mama yangu. Hakuniamini mara moja. Nikamsimulia ninavyojua: kwamba mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani wilayani Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta huko akaupeleka Ujerumani, kwamba Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akauelezea kitaalamu mwaka 1893 na kuupa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia ya ofisa huyo, kwamba mwaka huohuo ulionyeshwa Ghent, Ubelgiji, ukawastaajabisha wataalamu. Wajerumani mpaka leo wanauita kwa jina la Usambara. Kutoka hapo ukasambaa madirishani kote Ulaya na Marekani, ambako una chama chake tangu mwaka 1946.

Yule mama hakuniuliza habari za ofisa. Aliniuliza: huko kwenu unaota wapi hasa? Nikamwambia: kwenye miamba, penye kivuli cha msitu na unyevu, karibu na vijito, Usambara, na upande wa Kenya huko Taita na Kilifi. Na msitu ukikatwa? Ukikatwa, jua linaupiga mwamba na mmea unakufa. Alinyamaza, akanishika mkono. Baadhi ya aina za mmea huu ziko hatarini kutoweka porini, wakati mamilioni ya ndugu zake wanamwagiliwa kwa kijiko madirishani ughaibuni. Mimi nilisoma shule ya msingi chini ya milima ile na hakuna siku tuliyopelekwa kuuona. Nadhani mtoto wa Muheza ana haki ya kuujua mmea huu kabla ya mtu wa Yorkshire.

Tuna maonyesho yetu ya Nane Nane, na kila Agosti tunapeleka viwanjani mahindi, ng'ombe na trekta, nami nafurahi. Lakini pwani yetu ina watu wanaojua maua kwa undani usiopungua wa mchimba makaa jirani yangu. Muulize mama wa Lamu au Unguja anayetunga vikuba, ni saa ngapi asumini ichumwe kabla haijafunguka, kilua kizuri kinukieje, mkadi ukatwe namna gani. Elimu hiyo ipo mikononi mwa wanawake na haijawahi kuwekwa mezani, ikapewa masharti yaliyoandikwa, ikapimwa hadharani na kutunukiwa. Tunaiona asubuhi ya harusi, na jioni imefagiliwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wa Muheza, Korogwe na Lushoto, na kina mama wa vikundi vya Tanga, Mombasa na Zanzibar: anzeni na meza moja chini ya mti. Kundi la asumini zilizotungwa. Kundi la mrehani wa chunguni. Kundi la mmea wa Usambara uliooteshwa kwa jani kutoka chungu cha jirani, wala usiong'olewa msituni. Andikeni masharti mapema, geuzeni majina chini, mwiteni mwamuzi kutoka kijiji kingine, na mkubwa akiweka vikonyo vinne badala ya vitatu, kadi yake iandikwe hivyo. Birika la shaba nitalinunua mimi.