Je, Inafaa Kununua Nyumba ya Mwenye Deni?



Hapa Bukavu kila mtu anajua nyumba inajengwa namna gani. Baba anapata parseli ndogo kwenye mteremko, anaweka mbao, miaka inapita, anaweka matofali, kisha mabati mapya. Nyumba ya namna hiyo inaposhikwa juu ya deni, si mali tu inayoshikwa. Ni jasho la miaka ya baba na mama, na mahali watoto wanapolala.

Siku moja mtu alinijia na habari aliyoiita njema: nyumba moja ya Kadutu inakwenda kuuzwa juu ya deni, bei iko chini, nifanye haraka. Nilikwenda kuitazama. Mama wa nyumba, bila kujua kilichonileta, aliniletea kiti, akaniita Baba Shemasi. Nikakaa kwenye kiti chake nikihesabu vyumba vyake kwa macho. Haya ilinishika, nikarudi bila kununua. Lakini swali lilibaki: je, kununua kungekuwa dhambi?

Kwanza tuelewe rehani ni nini. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo ni mali ya Leta. Sisi tunapewa haki juu yake, na ushahidi wa haki hiyo ni sertifika ya enrejistrema. Banki inapokopesha pesa nyingi, inaomba rehani, na rehani hiyo inaandikwa kwa konservateri wa hati za viwanja. Mwenye nyumba anaendelea kukaa ndani, lakini deni limefungwa kwenye nyumba. Hata akiiuzia mtu mwingine kwa siri, deni linaifuata nyumba ile. Tena Sheria ya Jamaa ya 1987 inaomba bwana na bibi wakubaliane wote wawili mbele ya kuweka rehani. Baba anayeficha karatasi chini ya godoro amekwisha kukosa hata kabla ya deni kumshinda.

Asipolipa, banki haiwezi kumtupa nje asubuhi moja. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake zinaomba huisie alete kwanza amri ya kulipa kwa maandishi, kisha nyumba iuzwe kwa mnada mbele ya watu. Sheria ya 1998 ilikataza mnada kuanza chini ya robo ya bei ya kweli ya nyumba. Tuseme nyumba ni ya dola 20.000: mnada haukuweza kuanza chini ya dola 5.000. Na ikiuzwa dola 9.000 wakati deni na gharama ni 6.000, dola 3.000 zinazobaki ni za mwenye nyumba, si za banki.

Lakini wengi wetu hatukopi banki. Tunakwenda kwa wale watu wanaoitwa Banki Lambert, ambao si banki hata kidogo. Unamwachia karatasi za parseli, unatia mkono kwamba usipolipa siku fulani nyumba ni yake. Ndugu, jueni hili: sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya dhamana haikubali mapatano ya namna hiyo juu ya nyumba ya kukaa. Anayenunua nyumba iliyonyang'anywa hivyo ananunua kesi, na pia ananunua machozi.

Sasa Neno la Mungu linasemaje? Katika Nehemia sura ya 5, watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate ngano wakati wa njaa. Nehemia hakusema karatasi zao ni za uongo. Aliwaambia wakubwa warudishe, maana waliokuwa wanakamuliwa ni ndugu zao. Torati, katika Kumbukumbu 24, inamkataza mkopeshaji kuingia ndani ya nyumba kuchukua rehani, asimame nje. Niliposoma pale nilikikumbuka kile kiti.

Lakini msome pia Yeremia 32. Mji umezungukwa na jeshi, na nabii ananunua shamba la Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, kwa shekeli 17 za fedha. Alinunua wakati wa vita, kwa mashahidi na hati mbili, moja wazi na moja ya muhuri. Basi kununua wakati wa taabu si dhambi kwa yenyewe. Yeremia alinunua kama mkombozi wa jamaa, ili urithi usipotee.

Wengine watasema: kama hakuna anayenunua, banki au kooperative itarudishiwaje pesa? Ni kweli. Pesa ile si ya mkurugenzi. Ni akiba ya mjane na ya mwalimu. Deni lazima lilipwe. Mkristo anaweza kununua kwenye mnada wa haki. Lakini ajiulize mambo matatu. Je, nimemwendea mwenye nyumba kwanza, kujua kama kuna njia ya kumsaidia kulipa? Je, nimehakikisha kwa konservateri na kwa tribinali kwamba njia ni safi? Je, bei yangu naweza kuitaja nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mama yule, nikimtazama machoni?

Mimi sikununua, na kwa muda nilijiona mwenye haki. Lakini sikusema neno pia. Sikumwuliza yule mama wala bwana wake deni limebaki kiasi gani. Nyumba ikauzwa kwa mwingine, na jamaa ile ikaenda kupanga. Baadaye nikasikia deni lililobaki lilikuwa dola 1.400. Sisi katika kanisa tungeweza kuchanga sehemu, na kuomba muda kwa iliyobaki. Niliosha mikono kama Pilato, na mikono iliyooshwa haijamwokoa mtu.

Mwezi wa pili 2025, vita ilipofika mjini, banki zilifunga milango, na watu wenye mshahara walikosa hata pesa yao wenyewe. Wakati kama huo wengi wanaingia deni, na wengi wanauza kwa bei ya hasara. Ndiyo wakati wa kujua sisi ni wanunuzi tu, au ni ndugu.

Kwa hiyo naomba: mwenye deni asingoje huisie apige hodi, aje kwa wazee mapema, bila haya. Na mwenye pesa, mbele ya kuuliza nyumba ni bei gani, aulize deni ni kiasi gani.

Bwana atufundishe kukomboa. Amina.