Moto wa Mwezi wa Sita na Moto wa Mwezi wa Kumi

Mungu alipomweka mtu wa kwanza katika bustani, hakumweka humo akae bure. Alimpa kazi ya kuilima, akampa na kazi ya kuilinda. Wengi wameshika kazi ya kwanza, wakaisahau ya pili. Wanalima, wanakata miti ya makala, wanawasha majani, lakini wakiambiwa kulinda pori, wanajibu: «Hiyo ni kazi ya Serikali.»

Swali: Pori ni mali ya nani?

Jibu: Kwanza ni mali ya Mungu, kwa kuwa ndiye aliyeliumba. Kisha, kwa sheria ya Kongo ya mwaka 2002, misitu ni mali ya Serikali, maana yake ni mali ya watu wote pamoja. Na tangu mwaka 2014 kijiji kinaweza kuomba kipewe msitu wake kiutunze chenyewe, mpaka hektari 50,000. Basi hakuna pori lisilo na mwenyewe.

Swali: Je, moto ni kitu kibaya?

Jibu: Hapana. Moto ni kiumbe cha Mungu, nao una wakati wake. Jambo hili lilijaribiwa karibu na Ndola, katika Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Katanga. Huko, tangu mwaka 1933, wenye kazi ya misitu waligawanya pori katika vipande. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi. Cha pili kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Cha tatu hakikuguswa na moto hata kidogo. Bwana Trapnell alieleza matokeo yake katika maandiko ya mwaka 1959. Mahali pa moto wa mwisho, miti mikubwa ilipungua, na majani yakatawala. Mahali pa moto wa mapema, miti ilidumu. Mahali pasipo moto, vichaka vizito vyenye majani mabichi mwaka mzima vilianza kuota chini ya miti.

Sababu yake si fumbo. Katika mwezi wa tano na wa sita majani bado yana unyevu, na umande huanguka usiku. Moto hutambaa chini, huacha mahali pengine bila kuchoma, na mara nyingi huzimika wenyewe jioni. Lakini katika mwezi wa tisa na wa kumi majani yamekauka kabisa, upepo una nguvu, na muputu na mutondo zimekwisha kutoa majani mapya kabla ya mvua. Moto wa siku hizo hupanda juu, huua miche, huunguza machipukizi ya visiki. Na visiki hivyo ndivyo ambavyo vingerudisha pori lililokatwa, kama vingeachwa vikue.

Mababu hawakukosa akili hii. Katika nchi ya Wabisa, watu wa Mpika walilinda miti ya viwavi na mayai ya vipepeo wake, moto wa mwisho wa kiangazi usiyafikie. Walijua kwamba mti ukiungua, chakula cha watoto kimeungua pamoja nao.

Mtu awashapo pori mwezi wa kumi ili apate panya watano, anafanya nini basi? Yeye anashiba jioni moja. Lakini jirani amepoteza mizinga yake ya asali, mjane amepoteza viwavi ambavyo angeuza sokoni, na pengine nyumba ya mtu imeteketea. Amri ya saba haimkatazi mtu kuchukua kwa mkono tu; inakataza pia kuharibu mali ya wengine. Naye aliyeharibu hawezi kusema «Nimetubu» akanyamaza; yampasa kulipa kadiri awezavyo. Wala asiseme: «Hakuna aliyeniona.» Mungu amemwona.

Wakatekumeni wapenzi, pori linafundisha na habari ya roho. Dhambi ndogo ni kama majani ya kiangazi. Mtu anayechunguza dhamiri yake kila jioni, akaomba msamaha upesi, anachoma majani yake mapema. Moto ni mdogo, na mti wa imani unabaki mzima. Lakini anayelimbikiza chuki na uongo mwezi baada ya mwezi, siku moja cheche moja tu itatosha, neno moja la hasira, na nyumba yote itawaka. Mtakatifu Yakobo, aliyeufananisha ulimi na moto mdogo katika msitu mkubwa, alilijua jambo hili.

Kwa hiyo, kiangazi kinapoanza, Mkristu mwema asiwashe moto kwa shauri lake peke yake. Aende kwa chifu na wazee, wapatane siku moja ya kuchoma mapema, asubuhi au jioni, upepo ukiwa mdogo. Wachome kwanza ukanda wa majani kuzunguka kijiji, mizinga na mashamba, watu wazima wakisimama na matawi mabichi mikononi mpaka moto uzimike. Baada ya hapo, mtu yeyote asiwashe tena mpaka mvua. Na wale wanaojiandaa kwa Ubatizo wawe wa kwanza kulishika patano hilo, hata siku ambayo wako peke yao porini na kiberiti mfukoni.