Kiti cha Karani

Je, mtu asiyelalamika anastahili kuulizwa? Swali hili limetujia kwa sababu ya jambo laonekanalo dogo: kiti na meza ya karani wa kanisa, akaaye mbele ya kompyuta kutwa akiandika hesabu za sadaka, orodha za ubatizo na matangazo ya Jumapili.

Huko Uingereza jambo hili lina sheria yake. Kanuni za mwaka 1992, zilizoanza kutumika Januari 1993, zamlazimisha mwajiri kukagua mahali anapokaa kila mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni ya kompyuta, na kumlipia kupimwa macho akiomba. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya watu wake. Wako wanaodhani kwamba tukiiita kazi 'huduma' wajibu huo watuondokea. La hasha.

Wala maumivu haya si mageni. Tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alipotoa upya kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1713, aliandika habari za makarani, jinsi wanavyoumia kwa kukaa bila kuondoka, kwa mkono kurudia mwendo ule ule, na kwa akili kukazwa isije ikakosea. Siku zile palikuwa na kalamu na wino tu. Ndiye pia aliyewahimiza matabibu wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani.

Basi, kiini cha ukaguzi ni kuuliza. Kupima ni rahisi: ukingo wa juu wa skrini uwe karibu sawa na macho, nayo iwe mbali kadiri ya urefu wa mkono, mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu, mwanga wa dirisha usipige kwenye kioo. Lakini rula haiwezi kusema kama bega lauma usiku. Mwenye bega ndiye ajuaye, na hapo ndipo penye shida. Mweke kijana aliyeajiriwa juzi mbele ya Padre na mwenyekiti wa halmashauri, umwulize kama kiti chamfaa. Atajibu, "Hakuna shida, Baba." Hilo ni jibu la heshima, si jibu la mgongo. Tukiliandika katika fomu, je, tumetimiza wajibu?

Sisi twaona bado. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwagiza ajengaye nyumba azungushie paa ukuta, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Agizo hilo halingojei mtu aanguke, wala halingojei mgeni aombe ukuta.

Watasema wengine: fedha ya kanisa ni senti za wajane, tuzinunulie viti? Hoja hii tusiidharau. Ila mengi hayadai fedha: kugeuza meza, kuweka vitabu chini ya skrini, au kisanduku chini ya miguu ya mtu mfupi. (Walimu twajua tangu zamani kwamba dawati la namna moja halifai darasa zima.) Kompyuta mpakato ndiyo yenye udhia, maana ukiinua skrini na kibodi yapanda pamoja nayo, hapo hakuna budi kununua kibodi ya pekee. Kilicho ghali hasa ni wakati. Yafaa karani ainuke mara kwa mara, tena mapumziko mafupi ya karibu karibu yafaa kuliko moja refu. Atainuka saa ngapi, ikiwa matangazo humfikia Ijumaa jioni nayo yatakiwa Jumamosi asubuhi? Hapo wa kukaguliwa ni sisi tuletao karatasi.

Tungependa aulizwe faraghani, na mtu asiyemlipa mshahara, na aulizwe tena kila meza inapohamishwa. Mkaguzi akishatoka ofisini, apite uani. Atamkuta mama anayefagia kwa ufagio mfupi, ameinama tangu saa kumi na mbili. Kwake hakuna fomu iliyochapwa, lakini mpini mrefu wapatikana sokoni, na yeye pia hajapata kuulizwa.