Kufunga Ngamia Kabla ya Tufani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, azipelekaye pepo kwa rehema yake na kwa onyo lake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila inapoenea khabari katika miji ya pwani ya kuwa kimbunga kimo baharini na uso wake umeelekea huku, husikiwa barazani kauli mbili. Mmoja husema: "Pwani hii haina tufani, tufani ni za Bukini na Morisi." Wa pili husema: "Litakalokuja limekwisha andikwa, basi kuhangaika ni kwa nini?" Kauli ya kwanza ni ujinga wa tarikhi, na ya pili ni ujinga wa dini; na huu wa pili ndio mbaya zaidi, kwa kuwa mwenyewe huuvika kanzu ya imani.

Ama ile ya kwanza, jawabu yake iko wazi. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash bin Said, kisiwa cha Unguja kilipigwa na tufani. Kabla ya siku hiyo watu walikuwa wakiamini ya kuwa Unguja, kwa vile ilivyo karibu na mstari wa ikweta, imo nje ya njia yake. Merikebu za Sayyid na vyombo vya wafanya biashara vilivunjikia bandarini, na mikarafuu iliyopandwa tangu siku za baba yake iking'olewa sehemu kubwa yake, hata Pemba, ambayo haikuumizwa kama Unguja, ikawa tangu hapo ndiyo shamba kuu la karafuu. Mwezi wa Aprili 1952 tufani ikaipiga Lindi. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazidja kikaingia Cabo Delgado katika Msumbiji, majuma sita tu baada ya kimbunga Idai kuuharibu mji wa Beira na kuua zaidi ya watu elfu katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Na mwezi wa Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, na mvua zilizofuatana nayo zikaikata barabara ya kusini huko Somanga. Jina hilo Hidaya kwa Kiarabu ni uongofu, na kwa Waswahili wengi ni zawadi. Mwenye kutaka kuzingatia ana la kuzingatia hata katika jina. Basi asemaye kuwa pwani hii haina tufani hakuuliza wazee wake, wala wazee wa wazee wake.

Wako wengine waulizao swali lililo jema zaidi: huyu mpima hali ya hewa, asemaye kuwa upepo utafika kesho kutwa usiku, je, hadai kujua ghaibu, naye Mwenyezi Mungu amejihusisha nayo peke yake? Swali hili lampasa mpiga ramli na mtazamia nyota, ambao hawaoni kitu nao husema kitu. Mpima hali ya hewa hutazama kilichokwisha kuwako. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto lifikalo digrii 26 au 27 za Sentigredi. Mvuke hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia mahali pale, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia hupinda ikazunguka kama pia. Karibu mno na ikweta nguvu hii ya kupinda hudhoofu, na ndiyo sababu vimbunga huko ni vichache. Lakini uchache si ukosefu. Kikiisha zaliwa, setilaiti hukiona kutoka juu, na vipimo vilivyowekwa baharini na visiwani hupima kushuka kwa uzito wa hewa na nguvu za upepo. Katika upande huu wa Bahari ya Hindi kazi ya kukifuatia imewekwa kisiwani Réunion. Jina hutolewa na Morisi au Bukini kwa kadiri ya mahali kilipo. Kisha kila nchi huwaonya watu wake, na kwa Tanzania mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Nao hawasemi kwa yakini. Wachorapo njia ya kimbunga huichora kama upepeo uliofunguliwa, nyembamba kwa siku ya leo, pana kwa siku ya kesho, na pana zaidi kwa siku ya tatu, kwa kukiri ya kuwa ilmu yao hupungua kadiri siku zinavyosogea mbele. Mwenye kudai ghaibu hakiri hivyo. Kazi yao ndiyo ile ya nahodha wa zamani, aonaye wimbi refu lajalo pwani na hapana upepo, akajua kuwa mbali huko kiko kitu, akarudisha chombo chake. Hapana aliyemkufurisha nahodha kwa hilo.

Sasa ije kauli ya pili, ya huyo asemaye kuwa yameandikwa. Kweli yameandikwa. Lakini imepokewa katika kitabu cha Tirmidhi ya kuwa mtu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake na amtegemee Mungu, au amwache wazi na amtegemee Mungu. Naye akamwamrisha amfunge, kisha ategemee. Kufunga kukawa ni kwanza, na kutegemea kukawa juu yake. Na Nabii Nuhu, juu yake amani, aliambiwa aunde safina, naye akaiunda ubao kwa ubao katika nchi kavu, na watu wake wakimpitia na kumcheka. Nabii Yusuf naye alipojua kuwa miaka ya njaa yaja, aliamrisha nafaka iwekwe akiba. Hakuna katika hao aliyekaa akangoja.

Na lililo wazi kuliko yote ni lile lililotokea Sargh. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alikuwa akienda Sham, akapata khabari ya kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na sahaba, kisha akaazimia kurejea. Abu Ubaida bin Jarrah akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu ya kuwa naam, aikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia ateremkaye katika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kame: akichunga penye majani amechunga kwa kadari, na akichunga penye ukame amechunga kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf akawapa khabari aliyoisikia kwa Mtume, ya kuwa nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia; Umar akamhimidi Mungu akarejea. Na tazama ya kuwa Umar alirejea kwa khabari iliyoletwa na watu, kabla ya kumwona mgonjwa hata mmoja kwa macho yake.

Ndugu Waislamu wa Bengali wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Usiku wa 12 Novemba 1970 kimbunga kiliingia katika nchi iliyokuwa ikiitwa Pakistani ya Mashariki, na bahari ikapanda juu ya visiwa tambarare vya mdomo wa mto, wakafa watu wanaokadiriwa kuwa laki tatu au zaidi. Khabari ilikuwako. Wengi walisikia kuwa kimbunga chaja, lakini wachache mno waliokimbilia majengo imara. Majengo yenyewe yalikuwa haba, na mwezi uliotangulia walikuwa wameonywa na kilichokuja hakikuwa kama kilivyohofiwa. Tangu mwaka 1972 wakaweka watu wa kujitolea vijijini, wapitao na bendera na vipaza sauti nyumba kwa nyumba; wakajenga majengo ya saruji juu ya nguzo ndefu; na misikiti ikawa yatangaza onyo. Mwaka 1991 bado walikufa watu kama 138,000. Mwaka 2007 kilipokuja kimbunga Sidr, nacho kilikuwa kikali mno, waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache. Bahari ni ile ile, na kadari ni ya Yule Yule. Kilichobadilika ni kuwa ngamia alifungwa.

Basi ni lipi limpasalo mtu wa pwani isikiwapo khabari hiyo? La kwanza ni kuipokea kwa mwenye kuijua, na kuipeleka kama ilivyo. Khabari ya khatari ni amana. Mwenye kuizidisha ili watu waogope, na mwenye kuipunguza ili duka lake lisifungwe, wote wawili wameivunja. La pili ni vyombo. Ngalawa na mashua zivutwe juu kupita alama ya maji ya bamvua, kwani kimbunga huja na maji yake, na kikikutana na bamvua kuu hupanda mahali ambapo bahari haijapata kufika. Nahodha aliyezuiwa asiondoke. Fukaha wa Kishafii wamesema ya kuwa hija yenyewe, nayo ni nguzo ya Uislamu, haimlazimu mtu kwa njia ya bahari isipokuwa salama iwe ndiyo iliyo zaidi. Ikiwa nguzo ya dini huondoka kwa khofu ya bahari, ni udhuru gani alio nao apakiaye abiria kwa ajili ya nauli ya siku moja? Siku za Hidaya vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na wako walionung'unika bandarini. Manung'uniko hayo ni mepesi kuliko matanga.

Nyumbani, bati lililolegea lipigiliwe, tawi lililoinamia paa likatwe mapema, maji ya kunywa yajazwe, na misahafu na hati za watu ziwekwe juu mahali pakavu. Na watu wafundishwe khabari ya jicho. Katikati ya kimbunga pana mahali patulivu. Upepo hukatika ghafula, na pengine mbingu huonekana. Mwenye kudhani yamekwisha hutoka kutazama mali yake, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili, nao humkuta njiani.

Na kimbunga kikipinda njia, au kikifa baharini kama Jobo kilivyodhoofika mwezi wa Aprili 2021 kabla ya kufika pwani ya Tanzania, mwenye kuonya asichekwe. Watu wa Nabii Yunus walionywa, wakaamini, wakaondolewa adhabu. Wala hapana Mwislamu asemaye kuwa onyo lile lilikuwa la uongo. Mwenye kucheka leo ndiye atakayekaa nyumbani siku ya kweli, naye atakaa na watoto wake.

Kuhusu sala ya jamaa, isije ikafanywa sababu ya kuwatoa watu katika upepo. Imethibiti katika Bukhari na Muslim ya kuwa Ibn Abbas, siku ya mvua na matope, alimwamrisha mwadhini aache mwito wa kujia sala na mahali pake awaambie watu wasali majumbani mwao. Waliosikia walionekana kustaajabu, naye akawaambia ya kuwa aliye bora kuliko yeye alilifanya. Adhana yenyewe, basi, imebeba onyo la hali ya hewa tangu zama za Mtume.

Lakini msikiti wa mawe una kazi nyingine usiku huo. Kila mtaa una mjane katika nyumba ya udongo na makuti, na mzee asiyeweza kutembea, na mgeni asiye na jamaa. Imamu na wazee wa mtaa na wawahesabu kwa majina kabla ya jua kuchwa, na kila mmoja apewe kijana wa kumchukua. Mikeka itandikwe, pazia la wanawake litundikwe, taa ziwekwe mafuta, na mlango usifungwe mpaka afike wa mwisho katika waliohesabiwa.

Wallahu aalam.