Hakuulizwa

Jumapili moja jioni, jirani yangu hapa Langas, mama wa Sudan Kusini, aliniletea simu nimsomee barua. Mdogo wake aliomba hifadhi nchi ya mbali, wakamnyima. Kurasa kumi na moja za Kiingereza, na uzito wote umo katika aya moja: mahojiano ya kwanza alisema walivamiwa wakati wa mavuno ya mtama, ya pili akasema Januari. Afisa akaona hapo pana uongo. Mwenyewe hakuulizwa.

"Sasa akienda kwa jaji, atampa hiyo karatasi ya hifadhi?"

Nikamwambia hapana. Jaji anayepitia uamuzi hapimi kama mdogo wako ni mkimbizi au siye. Anaangalia alivyokataliwa: sheria ilifuatwa? Alipewa nafasi ya kujieleza? Kasoro ikionekana, uamuzi unafutwa na faili linarudi ofisini.

"Yaani anarudi kwenye foleni."

"Foleni ileile, mama."

Akaguna. Zamani ningeguna naye.

Lakini mwanzoni mwa 2008 nilijitolea kuandikisha watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi na kujihifadhi Showground, hapa Eldoret. Kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari. Hiyo kila mtu aliijua. Ukimwuliza mtu nyumba yake mwenyewe iliungua lini, anababaika. Mzee mmoja alinijibu, "Siku ile ng'ombe hawakukamuliwa." Fomu ilitaka tarehe, nami nikajaza ya kukisia. Mpaka leo sijui kama kuna aliyekuja kubanwa kwa tarehe niliyomtungia mimi. Miezi hiyohiyo maelfu ya Wakenya walivuka mpaka kuingia Uganda, nao wakawa watu wa kuulizwa maswali na kujaziwa fomu.

Ndiyo maana Ibara ya 47 ya Katiba yetu ya 2010 naiheshimu kuliko nyingine zinazopigiwa makofi. Uamuzi wa ofisi ukigusa haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na imeandikwa kila mtu, si kila raia. Serikali ilipoagiza Desemba 2012 wakimbizi wa mijini wote wapelekwe kambi za Dadaab na Kakuma, shirika la Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja, sasa marehemu, akalifuta agizo hilo. Februari 2017 Jaji John Mativo akabatilisha lile la kufunga Dadaab. Wapo walionung'unika kwamba majaji wanaingilia kazi ya serikali. Mimi naona waliiuliza tu serikali iliamuaje.

Hata Uasin Gishu hii, mwaka 1903 Waingereza walitaka kuitoa iwe kimbilio la Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Wajumbe wakaja kuikagua, na 1905 mkutano wa Wazayuni kule Basel ukaikataa. Wafugaji waliokuwa wakilisha hapa hakuna aliyewauliza kitu.

Nilimwambia mama ampigie mdogo wake, asimtajie mwezi, amwulize tu shamba lilikuwaje siku ile. Wakaongea Kidinka kwa muda mrefu, mama akihesabu kwa vidole. Mwishowe akafunika simu kwa kiganja.

"Anasema ni ule mtama wa kuchelewa. Huo sisi huuvuna mpaka Januari."

Nikatafuta kalamu.