Sikio la Mwigizaji

Kuigiza kumezaliwa na kuiga, na kuiga tulikemewa tangu utotoni. Mtoto akichechemea kama babu wa jirani, mama humwambia aache mara moja. Ndiyo maana anayepanda jukwaani mara ya kwanza hubeba hofu mbili: ataonekana mwongo, au atachekwa. Ili kuzishinda hujitutumua. Hukunja uso, hutafuta machozi, hupaza sauti. Nadhani kosa lake ni la mpangilio tu: anataka kuhisi kabla hajajifunza kusikia.

Wapiga ngoma wa Burundi wanalijua somo hilo la kusikia. Katika eneo la Giheta, kaskazini ya mji wa Gitega, kuna kilima cha Gishora. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo aliweka ngoma zake hapo baada ya kumshinda Ntibirangwa aliyemwasi. Kirundi kina neno moja, ingoma, kwa ngoma na kwa ufalme, kwa hiyo kujifunza kupiga hakukuwa mchezo. Ufundi huo ulirithishwa ndani ya koo. Ngoma hupangwa nusu duara. Inkiranya, iliyo katikati, hutoa mdundo; ibishikizo huufuata; amashakwe hushikilia mapigo yaleyale bila kuchoka. Mpigaji mmoja hutoka mbele, akaruka na kutoa macho kama aliye vitani.

Je, ana hasira? Hakuna adui pale kilimani. Hata hivyo hakuna anayemwita mwongo, kwa kuwa yeye na watazamaji wamekubaliana mchana kweupe. Mwongo huhitaji usijue. Mwigizaji huhitaji ujue, kisha ubaki.

Mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot, katika karne ya 18, alidai kwamba mwigizaji mkubwa hasukumwi na hisia. Kichwa chake hubaki kimetulia. Mwongozaji wa tamthilia Konstantin Stanislavski wa Moscow alitumia maisha yake kutafuta hisia za kweli jukwaani. Wote wawili walichungua kifua cha mtu mmoja. Gishora inanifanya nitazame kwingine. Anayeruka akipoteza mapigo ya amashakwe, ushujaa wake wote huanguka, hata kama moyo unamwaka moto. Ukweli wa mchezo umekaa baina yake na wenzake, na mlango wake ni sikio.

Burundi ililijaribu jambo hili mahali pagumu zaidi. Mwaka 1997, vita vikiendelea, studio ya redio iitwayo Studio Ijambo ilianza kutoa mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu majirani, Wahutu na Watutsi. Redioni uso haumsaidii mtu, wala mavazi. Anayengoja tu zamu yake ya kusema hugundulika papo hapo, maana jibu lake halina alama ya swali aliloulizwa. Na kumjibu jirani baada ya kumsikiliza kweli, katika nchi ambamo majirani walikuwa wakikimbiana, kulitaka sikio lenye ujasiri. Hapo kuiga kunaacha kuwa dhihaka: unayaazima maneno ya mwingine kwa pumzi yako mwenyewe, na kwa muda huo huwezi kumdharau.

Wewe unayeanza, mazoezi ya kesho usiyafungue kwa kilio. Mwache mwenzako aseme, msikilize hadi neno lake la mwisho, ndipo ujibu.